Anga Lisilo na Adui

Ukisimama kwenye jabali la Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, tai unamwona mgongo. Yeye yuko chini yako, anazunguka juu ya mashamba ya mkonge ya Mazinde, na wewe ndiye uliye juu yake. Ukuta wa mlima unashuka karibu mita elfu moja mpaka nyikani, reli inaonekana kama uzi ulioanguka, na ng'ambo yake Mto Pangani umejificha kwenye ukanda wa miti. Wageni huja hapa kupiga picha. Mimi kila nikifika huwaza jambo moja la kipuuzi: kwamba mwezi Juni mwaka 1916 Mshambaa aliyekuwa akichunga mbuzi wake hapa huenda aliiona ndege ya kivita kwa namna ile ile anavyoonwa tai, mgongoni, mabawa yake ya turubai yamepandana kama vitanda vya bweni, na Wazungu wawili wamekaa ndani mmoja mbele ya mwenzake.

Mji wenyewe wakati huo haukuandikwa Lushoto kwenye ramani. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kumtukuza mfalme wao, na wakubwa wa Dar es Salaam walipanda huku kulikimbia joto la pwani. Kitu kinachopita hewani hakikuwa kigeni kabisa kwa wenyeji. Tangu kabla ya vita, magogo ya mtarakwa kutoka msitu wa Shume yalikuwa yakishushwa Mkumbara kwa waya wa chuma uliofungwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, yakielea juu ya mabonde bila kugusa ardhi. Ila gogo halina injini, wala halimdondoshei mtu bomu.

Historia ya vita vya angani kwa kawaida huanzia mbali na hapa. Huanzia Ufaransa, nayo husimuliwa kwa majina na tarakimu: fulani aliangusha ndege kumi na tano, fulani ishirini na sita. Neno lenyewe wanaloitwa mashujaa hao ni la karata. Magazeti ya Paris ya mwaka 1915 yalimwita rubani Adolphe Pégoud "as", ile karata ambayo wachezaji wetu wa pwani huiita ree, na jina likashika. Baadaye ikawekwa kanuni: ukiangusha ndege tano za adui, ukashuhudiwa, wewe ni ree. Waingereza hawakuipenda sana desturi hiyo, Wamarekani waliipenda mno. Kiswahili chetu kina neno zuri kwa kazi hiyo, kutungua, neno la embe na nazi. Ndege ya adui hutunguliwa kama tunda, na anayetungua lazima alione tunda kwanza. Hapo ndipo kisa cha Usambara kinapoachana na kisa cha Ufaransa.

Tarehe 18 Mei 1916, karibu na mpaka wa Alsace, Mmarekani aitwaye Kiffin Rockwell, mwenyeji wa Tennessee, aliisogelea ndege ya Wajerumani mpaka hatua chache, akapiga risasi nne hivi, akaiona ikianguka. Nchi yake haikuwa vitani. Yeye na wenzake sita walikuwa wamejitolea kwa Wafaransa, na kikosi chao, kilichokuja kujulikana kwa jina la Lafayette, kilikuwa hakijatimiza hata mwezi. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa kikosi hicho, na magazeti ya Marekani yakaupokea kama maji ya kisima kipya. Wiki ile ile, huku kwetu, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalikuwa yakijipanga Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, tayari kuufuata Mto Pangani hadi kwenye miguu ya Usambara. Smuts naye alikuwa na ndege. Ila tuanze mwanzo, kwa sababu ndege za vita hazikufika nchini pamoja naye.

Ya kwanza ilikuja kwa maonyesho. Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameandaa tamasha kubwa Dar es Salaam, na miongoni mwa vivutio alikuwapo Bruno Büchner, mshindani wa baiskeli na magari aliyegeuka rubani, mtu wa makamo aliyezidi umri wa miaka arobaini, na ndege yake ya Pfalz. Vita vikazuka, tamasha likafa, na jeshi likaichukua ndege pamoja na mwenyewe. Haikufika mbali. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, petroli ilikuwa haba na vipuri havipatikani. Koloni zima la Wajerumani likaingia vitani na rubani mmoja na eropleni moja iliyochoka, na zaidi ya hapo hawakupata tena. (Büchner alinusurika akarudi kwao, akaendesha hoteli milimani Obersalzberg. Miaka ya 1930 jirani yake aliitwa Adolf Hitler, na watu wa Hitler wakamnyang'anya hoteli.)

Upande wa pili mambo yalianza kwa kuungaunga vivyo hivyo. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia kwenye vijito vya delta ya Rufiji na kujificha kati ya mikoko. Baharini haionekani, na mito ile haina kina cha kutosha meli kubwa kuifuata. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya kutua majini iliyotengenezwa na Curtiss wa Marekani. Rejeta yake ilikuwa mbovu. Meli ya kivita ikatumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya gari la Ford, ikafungwa kwenye ndege, na Cutler akaruka kutoka kisiwa cha Niororo karibu na Mafia akaiona Königsberg ilipo. Ndiyo kusema eropleni ya kwanza kufanya kazi ya maana ya kivita katika nchi hii ilikuwa ya Kimarekani, na ilipoozwa kwa kipande cha gari la Kimarekani, miaka miwili na nusu kabla Marekani yenyewe haijatangaza vita. Desemba mwaka ule Cutler alilazimika kutua mahali pabaya, Wajerumani wakamkamata.

Kilichofuata Rufiji nakiona ndicho kisa bora cha urubani katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na hakina hata ndege moja ya adui ndani yake. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili zenye matumbo bapa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuanza kurusha mizinga juu ya mikoko bila kuiona shabaha. Macho yao yalikuwa hewani: Flight Commander John Cull akiendesha, na Harwood Arnold akipeleka habari kwa simu ya upepo, ameshika kitufe mkononi. Kombora mbele mno. Kombora fupi. Sogeza kushoto. Makombora yakaanza kuipata. Ndipo mizinga ya Königsberg nayo ikaipata ndege, injini ikakatika, na Cull akaanza kuiteremsha polepole kuelekea mtoni. Arnold hakuacha kugonga kitufe. Wakati ndege inashuka bila injini, aliendelea kuwarekebisha wapiga mizinga, akawaambia wanapiga upande wa mbele wa meli, wasogee katikati, na mwisho akaomba waletewe mashua. Wakaangukia majini karibu na Mersey, ndege ikapinduka, Cull akanaswa na mikanda yake chini ya maji kabla ya kujinasua. Wote wawili wakaopolewa hai. Königsberg ikafa siku hiyo. Mizinga yake kumi Wajerumani waliitoa majini wakaiburuta bara. Mmoja waliulipua wenyewe walipoiacha Kahe Machi 1916, na mwingine uko Mombasa, Fort Jesus, watoto wanaupanda.

Kwa hesabu ya ree, Cull na Arnold wana sifuri.

Mwisho wa Januari 1916 kiliteremka Mombasa kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Waingereza, wengi wao Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini waliotoka kupigana Namibia, akiwamo Kenneth van der Spuy, mmoja wa marubani wa kijeshi wa mwanzo kabisa wa nchi hiyo. Walipelekwa Mbuyuni, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, ambako marubani wa jeshi la majini walikuwa wameshatangulia. Ndege zao zilikuwa BE2c na Henri Farman. Majina hayo yatazame vizuri. Ulaya, katika majira yale yale, BE2c ilikuwa jeneza linaloruka. Mjerumani alikuwa amefunga kwenye ndege za Fokker bunduki ya rasharasha inayopiga katikati ya mzunguko wa pangaboi bila kulikata, na BE2c, nzito, ya mwendo wa kilometa mia moja na kidogo kwa saa, mtazamaji wake amekaa kiti cha mbele kati ya nyaya na vyuma hawezi hata kugeuza bunduki, ilikuwa ikitunguliwa kila siku ya Mungu. Ndege hizo zilizokuwa zikichinjwa Ufaransa ndizo zilizoletwa huku. Na huku zikawa wafalme, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzipinga.

Ufalme huo ulikuwa wa tabu. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini haipati cha kupumua. Ndege iliyopaa vizuri uwanda wa Salisbury alfajiri ya baridi, Mbuyuni saa sita mchana ilikimbia mpaka mwisho wa uwanja ikabaki chini. Kwa hiyo waliruka mapema, kabla jua halijakaza. Mbao zilikauka zikapinda. Upepo unaokuja kutoka nyikani ukigonga ukuta wa Pare na Usambara hauna pa kwenda ila juu, kisha hurudi chini kwa vishindo, na ndege ya kilo mia chache ikiingia humo hutikiswa kama ungo. Injini ikizimika, chini ni miiba, mibuyu na vifaru. Mtazamaji mmoja wa kikosi hicho, Leo Walmsley, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya za wavuvi wa Yorkshire, alianguka na ndege mara nyingi akatoka hai, na katika safari zake zote hakukutana na rubani wa adui. Malaria iliwaangusha marubani wengi kuliko risasi.

Nina kichekesho kimoja ambacho siwezi kukiacha. Mwaka ule ule Wamarekani wa Lafayette walinunua mtoto wa simba Paris, wakamwita Whiskey, wakamlea kambini kama mbwa, wakapigwa naye picha zilizozunguka dunia. Baadaye wakamtafutia mwenzake, Soda. Vijana wale waliamini simba ndiye mnyama wa kivita. Wenzao wa Mbuyuni walikuwa nao bure, usiku, nje ya mahema, na hawakuwapa majina. Mnyama aliyewasumbua kweli ni twiga, aliyekuwa akipita na kukata nyaya za simu kwa shingo yake.

Katika wiki ya nne ya Mei, masika ilipokwisha na njia kukauka, Smuts akaanza kushuka. Safu moja ilifuata reli ya Usambara, nyingine kingo za Pangani, na King's African Rifles (KAR) wakakata Pare kwa pengo la Ngulu kuja kutokea mbele. Meja Kraut, aliyewaongoza Wajerumani njia ile, hakutaka kupigana pale Smuts alipotaka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, aking'oa reli na kuvunja madaraja, akipigana nusu siku Mikocheni na kutoweka. Siku za mwisho za Mei jeshi likafika Bwiko, limechoka, posho imekatwa nusu, wagonjwa wanaongezeka. Francis Brett Young, daktari wa kikosi cha Rhodesia na mwandishi pia, aliuandika mwendo ule katika kitabu, na ukikisoma leo utaitambua kila kona ya barabara ya Same kwenda Mombo: mlima mkono wa kushoto hauishi, na vumbi.

Kazi ya ndege ilikuwa kutazama. Kila asubuhi zilipanda kutafuta vumbi la adui barabarani, moshi wa majiko, mahandaki mapya, daraja lililovunjwa. Ramani zilizokuwapo zilikuwa za kubahatisha, hivyo marubani walichora njia na mito kadiri walivyoiona. Wakikuta kundi la watu walidondosha mabomu ya kilo tisa, mengine kwa mkono. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, wanajeshi wa kazi, walichukua muda mfupi kuelewa. Wakahama usiku. Wakapika chini ya miti. Wakisikia mngurumo walikaa kimya kwenye kivuli mpaka upite, kwani mtu asiyetikisika porini haonekani kutoka mita elfu moja, na bonde la Pangani lina vivuli vya kutosha kuficha jeshi. Rubani akarudi kambini na taarifa kwamba njia ni nyeupe. Safu ikasonga mbele kwa imani hiyo na kupigwa risasi kutoka kichakani palepale paliporipotiwa peupe.

Jambo ambalo taarifa za kikosi hazilikalii sana ni jinsi ndege zenyewe zilivyofuata jeshi. Ndege haitembei na safu kama nyumbu. Kila safu iliposogea ilibidi upatikane uwanja mwingine mbele: miti ikatwe, visiki ving'olewe, mashimo ya mhanga yafukiwe, urefu wa mita mia kadhaa pawe kama uga. Petroli ilikuja kwa reli mpaka reli ilipong'olewa, kisha kwa magari mpaka magari yalipozama, kisha kwa vichwa vya watu. Mpagazi mmoja, mzigo wa ratili hamsini hivi, kata ya majani kichwani, njia ya kokoto na miiba, jua la nyikani. Saa moja ya rubani angani ilikula mafuta ambayo watu kadhaa walikuwa wameyatembeza kwa siku. Walikufa njiani kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa unga usioiva, katika vita nzima wakafa kwa makumi ya maelfu. Jina la jeshi lao la wachukuzi kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotamkwa na watu likawa Kariakoo, na leo mtu ananunua vitenge na vipuri pale bila kuwakumbuka.

Mombo ikatwaliwa tarehe 9 Juni. Kutoka pale barabara inapanda Usambara, kona baada ya kona, kilometa thelathini na kitu mpaka mjini, na kwa siku chache jeshi la Waingereza likaipanda bila kupingwa. Wilhelmstal walikuta hasa wanawake, watoto na raia wa Kijerumani waliokusanyika kwenye baridi ile, maua ya Ulaya bustanini, na hakuna wa kupigana naye. Mwishoni mwa kipindi hicho kipupwe kilikuwa kimeingia, ukungu unaokaa Lushoto mpaka saa nne asubuhi, ambao hakuna rubani wa 1916 aliyeweza kuupenya. Vita vya angani vya Usambara, kama vinastahili jina hilo, vikaishia hapo.

Angalia sasa kalenda ya majuma yale mawili. Tarehe 18 Juni, Ufaransa, akafa Max Immelmann, ree wa Wajerumani aliyekuwa na ushindi 15, yule ambaye Fokker yake ilikuwa ikizichinja BE2c. Tarehe 23 Juni, karibu na Verdun, akatunguliwa Victor Chapman wa kikosi cha Lafayette, Mmarekani wa kwanza kufa vitani akiwa rubani. Tarehe 24 Juni, Smuts akapigana Lukigura, kusini ya Handeni, na baada ya hapo jeshi lake likalala Msiha kwa majuma likiugua. Kifo cha Immelmann kiliandikwa kwa wino mweusi magazeti yote ya Ujerumani. Chapman alifanyiwa misa. Waliokufa barabara ya Handeni wakibeba madebe walifukiwa pale walipoangukia.

Wajerumani walijaribu mara moja tu tena kuleta chombo cha angani. Novemba 1917 puto refu la Zeppelin, L59, liliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani kama kumi na tano za dawa, risasi na nguo kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Halikutarajiwa kurudi: turubai lake lingekuwa mahema na nguo, mbavu zake milingoti. Lilivuka jangwa mpaka Sudan, magharibi ya Khartoum, likaitwa lirudi kwa simu ya upepo, kwa kuwa huku mahali pa kutua palishatekwa. Saa 95 hewani, kilometa karibu 6,800, na hakuna lililoangushwa wala lililofikishwa. Tai wa Irente hakulikosa.

Smuts mwenyewe aliondoka Afrika Mashariki mapema 1917 na kwenda London. Kiangazi kile ndege kubwa za Kijerumani za Gotha zililipiga jiji mabomu mchana kweupe, watu wakahamaki, na serikali ikamkabidhi yeye, mwanasheria wa Cape aliyekuwa mpiganaji wa farasi, aandike nini kifanyike. Ripoti yake ya Agosti 1917 ilisema jeshi la anga liwe jeshi kamili, lisiwe mtumwa wa nchi kavu wala wa bahari. Tarehe 1 Aprili 1918 Royal Air Force ikazaliwa. Sidai kwamba Pangani ndiyo iliyoiandika ripoti hiyo, Gotha ndizo zilizoiandika. Lakini aliyeshika kalamu alikuwa mtu aliyepata kutembea majuma mengi chini ya ndege zisizokuwa na adui, akijua kipi zinaona na kipi hazioni, na ripoti yake haisemi habari za marubani mashujaa.

Wamarekani walichagua njia nyingine ya kusimulia. Baada ya nchi yao kuingia vitani Aprili 1917, mwaka mmoja ulipita kabla vikosi vyao wenyewe havijatungua kitu. Hilo lilikuja tarehe 14 Aprili 1918, na Eddie Rickenbacker wa kikosi cha 94, dereva wa mashindano ya magari kutoka Columbus, Ohio (sawa na Büchner wetu, mbio za magurudumu zilimfikisha angani), alianza kuhesabu mwishoni mwa mwezi huo na kumaliza na 26. Hakuna Mmarekani aliyemzidi katika vita ile. Kuna Columbus nyingine, ya Georgia, alikozaliwa Eugene Bullard, mjukuu wa watumwa. Alijeruhiwa Verdun akiwa askari wa miguu wa Wafaransa, akajifunza urubani kwao na kuruka vitani mwaka 1917, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Marekani ilipowakusanya marubani wake waliotawanyika Ufaransa, yeye haikumchukua. Ngozi yake. Usambara jambo hilo halikuhitaji hata kukataliwa na ofisi. Mweusi aliyegusa ndege alikuwa anaisukuma au anaibebea mafuta.

Ree mmoja hata hivyo alitokea katika ardhi hii, na alitokea kwa mlango wa Dar es Salaam. Roald Dahl alikuwa kijana wa kampuni ya Shell, aliyekuja Tanganyika mwaka 1938, mrefu karibu mita mbili, akiishi na wenzake katika nyumba ya kampuni na kuuza mafuta ya kuendeshea mashine za wenye migodi na mashamba ya mkonge. Septemba 1939 vita vilipotangazwa alipewa askari wa KAR awazuie Wajerumani wa koloni wasitoroke, wale wale ambao tangu miaka ya 1920 walikuwa wamerudi kulima Usambara na kwingineko. Novemba akapakia gari lake, akaendesha mpaka Nairobi, akajiandikisha urubani. Viti vya ndege ya mafunzo, Tiger Moth, havikutengenezwa kwa mtu wa urefu wake, kichwa kilitokeza juu ya kioo, upepo ukamziba pumzi, akajifunga kitambaa usoni. Akaruka peke yake baada ya saa saba na dakika arobaini za mafunzo.

Septemba 1940, akipeleka ndege ya Gladiator kwa kikosi cha 80, alipewa mahali pasipo sahihi pa kutua. Giza likamkuta juu ya jangwa, petroli ikakaribia kuisha, akatua kwa nguvu, ndege ikapasuka na kuungua, uso wake ukavunjika. Akapona akarudi, na Aprili 1941 alikuwa Ugiriki na ndege ya Hurricane, mbele ya Wajerumani waliokuja kwa mamia. Tarehe 20 Aprili juu ya Athens alikuwa mmoja wa marubani wachache waliopelekwa dhidi ya kundi kubwa, na siku ile ndiyo aliyokufa Pat Pattle wa Afrika Kusini, ambaye wengi humhesabu ree mkubwa kuliko wote wa Jumuiya ya Madola. Dahl akashuka hai. Kumbukumbu zinampa ushindi mara tano.

Mwaka 1942 serikali ikampeleka Washington, ofisi ya ubalozi, kuwapendezesha Wamarekani. Mwandishi C. S. Forester akamtembelea, akamwalika chakula cha mchana, akamwomba amsimulie ajali yake aiandike yeye. Chakula kilikuwa kitamu, kumsimulia akashindwa, akaenda nyumbani akaandika mwenyewe. Saturday Evening Post likaichapisha Agosti. Hundi ilipofika ilikuwa ya dola 900, baada ya wakala kuchukua chake. Wahariri waliipa makala kichwa kinachosema alitunguliwa juu ya Libya, na wasomaji wa Marekani, waliozoea kuhesabu, walisoma kisa cha rubani aliyepigwa na adui. Hakupigwa na adui yeyote. Alielekezwa vibaya, giza likamkuta.

Vijana walioanza mafunzo pamoja naye Nairobi, kwa hesabu yake mwenyewe, walikuwa kumi na sita. Miaka miwili baadaye walikuwa wamebaki watatu.